Anzeni na Mazoezi: Vidokezo 10 vya Kujenga Amani kwa Muziki na Sanaa Kapolowe

Ukifika Kapolowe unakutana kwanza na samaki. Wabichi, wakavu, wa moshi, wamepangwa kwenye mabeseni ya akina mama wanaosubiri gari la Likasi au la Lubumbashi. Tega sikio hapo kidogo. Kiswahili ni kimoja, lakini lafudhi ni nyingi: huyu ni Msanga, yule ni Mlamba, yule Mluba wa Katanga, pembeni yake Mluba wa Kasai, na huyo anayepunguza bei ni Mbemba mwenye ndugu upande wa Zambia. Ziwa Tshangalele, lililozaliwa baada ya mto Lufira kuzibwa kwa bwawa la Mwadingusha karibu na mwaka 1930, liliwaita wavuvi. Reli iliwaleta wengine. Kampuni za migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, ziliwakusanya wengine zaidi Likasi na Kambove, na watoto wao wakasambaa hadi huku.

Katika mji wa namna hii vijana wanakaa pamoja kila siku, ila kukaa pamoja hakutoshi. Muziki na sanaa vinaweza kusaidia sana, tena kwa gharama ndogo. Lakini niseme mapema ninachokiamini: wimbo unaohubiri amani una nguvu ndogo kuliko mazoezi ya kuuandaa. Kijana uliyemsubiri kila Jumatano, miezi sita mfululizo, aingize sauti yake ndipo wewe uingize yako, ni vigumu sana siku moja umrushie jiwe. Vidokezo vyote vinavyofuata vimesimama juu ya hilo.

1. Ulizeni kwanza ugomvi wenu ni upi

Vikundi vingi hutunga wimbo wa amani kabla ya kujua nani amekosana na nani. Matokeo yake ni wimbo mtamu usiomgusa mtu. Chukueni daftari, gawaneni wawili wawili, mkapite ufukweni, sokoni, kwenye maegesho ya pikipiki, uani kwa misheni, kwenye vijiwe vya vijana wanaokwenda kuchimba. Swali liwe rahisi: mara ya mwisho vijana walipigana hapa, ilianzia wapi? Huenda mkasikia habari ya nyavu zenye matundu madogo, ya mtu aliyevua wakati wa samaki kuzaa, ya abiria aliyenyang'anywa na mwendesha pikipiki mwingine, ya msichana, ya fulana za chama. Andikeni. Hayo ndiyo malighafi ya nyimbo zenu na michezo yenu.

Kisha nendeni kwa wazee mkaulize jambo moja zito: mwaka 1992 Likasi. Tarehe 15 Agosti mwaka huo Mkutano Mkuu wa Kitaifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, akachukua nafasi ya Nguz a Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Fujo zikawaka. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani mwao, maelfu kwa maelfu wakalala stesheni ya Likasi wakisubiri treni, wengine wakiugua na kufa hapohapo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga na hawakuwahi kuiona Kasai. Waliokuwa mstari wa mbele kuwafukuza walikuwa vijana wa JUFERI, tawi la vijana la UFERI, chama cha Nguz. Vijana, wa umri wenu. Baadhi ya walioona hayo bado wako hai, na wanaouza samaki leo ni watoto wao. Msiogope kuuliza, ila ulizeni kwa adabu, mkiwa mmekaa, na mzee akinyamaza mwacheni anyamaze.

2. Changanyeni watu kabla ya kuchanganya sauti

Kundi la watu wa mtaa mmoja, kanisa moja na ukoo mmoja linaweza kuimba vizuri kuliko yote, lakini kwa kazi hii halitafaa. Tafuteni wavuvi na watoto wa walimu, wanaoishi upande wa stesheni na wanaoishi upande wa misheni, Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste, waliosoma na walioacha shule. Wasichana wasiitwe kuja kucheza tu huku wavulana wakishika vyombo. Mpeni msichana ngoma.

Kwa hilo tuna mfano wa majirani. Nchini Rwanda kupiga ngoma kubwa kulikuwa kazi ya wanaume. Mwaka 2004 mjini Butare, mwandishi wa tamthilia Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma. Ndani yake walikuwamo wajane wa mauaji ya kimbari, yatima, na wake za wanaume waliokuwa gerezani kwa mauaji hayohayo. Hawakuanza kwa kuombana msamaha. Walianza kwa kujifunza mapigo, kila mmoja akimtazama mwenzake ili mikono ishuke pamoja. Wakazunguka nchi nyingi na ngoma zao.

3. Yapeni mazoezi heshima kuliko onyesho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapofia.

Chagueni siku mbili za wiki na saa isiyobadilika. Kapolowe wavuvi wengine hutoka usiku na kurudi asubuhi, basi saa kumi alasiri inaweza kuwafaa wao na wanafunzi pia. Mahali pawe pa wote: chini ya mwembe, darasani baada ya masomo, si sebuleni kwa kiongozi. Mkifanyia kwa mtu, kundi litakuwa la mtu huyo, na akikasirika mtakuwa hamna pa kukutana.

Anzeni kila mara kwa kitu ambacho hakuna anayeweza kukifanya peke yake. Mmoja aite, wote waitikie. Kisha mwitaji abadilike, hata yule mwenye sauti ya kukwaruza aite. Baadaye pangeni mapigo yanayopishana: ngoma ndogo iache nafasi, ngoma kubwa iijaze. Atakayewahi ataharibu, na atakayechelewa ataharibu. Mwalimu hana haja ya kuhubiri uvumilivu hapo, maana pigo lenyewe linaudai.

Wekeni kanuni chache na mzifuate. Anayechelewa analeta maji ya kunywa mara inayofuata. Anayetukana kabila la mwenzake anatoka nje hadi mwisho wa mazoezi, hata kama ndiye mpiga gitaa bora. Asiyefika mara tatu anatembelewa nyumbani, kwa sababu mara nyingi kuna mgonjwa, njaa au baba mkali. Lutuku, pombe ile kali, isifike mazoezini kabisa. Munkoyo inatosha, na kama kuna mama anayeweza kuwasongea bukari na sombe mara moja kwa mwezi, basi siku hiyo kuleni kwenye sahani moja kubwa.

Mkimaliza, msikimbilie nyumbani. Dakika ishirini za mwisho, za kukunja waya na kurudisha viti, ndizo ambazo watu hupata kuongea ya kwao.

4. Msingoje vyombo vya dukani

Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa na gitaa moja la kawaida mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipokuja na mashine yake ya kurekodi mwaka 1952 katika Jadotville, yaani Likasi yetu hii. Hapo ndipo ulipopatikana wimbo wa gitaa wa Masanga, ambao wapiga gitaa wa Afrika Mashariki, Afrika Kusini hadi Marekani wamejaribu kuuiga kwa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Siri yake ilikuwa vidole viwili: kidole gumba kinashika besi bila kuchoka, cha shahada kinacheza juu yake, na masikio yako yanadanganyika kuwa wapigaji ni wawili au watatu. Wafundisheni wadogo mtindo huo kabla haujaisha mikononi mwa wazee. Bado kuna akina papa wanaoujua.

Gitaa likikosekana, tengenezeni. Upande huu wa Katanga na ng'ambo ya Luapula vijana wamekuwa wakichonga banjo kwa mbao na bati la mafuta, nyuzi zikitolewa kwenye waya wa breki za baiskeli, na besi kubwa ya kalindula ikifungwa kwenye pipa au mtungi wenye ngozi. Kazi ya kutengeneza chombo kimoja inachukua siku kadhaa na inahitaji mikono ya watu wasiojuana: fundi baiskeli, seremala, mtu wa ngozi. Mkiwakusanya hao mmekwishaanza.

Na imbeni Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Lugha za nyumbani zitumike pia, kila kabila lilete wimbo wake wa mavuno au wa harusi na wengine wafundishwe. Ila wimbo wa pamoja uwe katika lugha ambayo hakuna anayebaki nje.

5. Pimeni maneno kabla hayajaingia kwenye simu

Muziki hauna upande wake. Unamfuata anayeushika. Joseph Kiwele, mtunzi mkubwa wa Katanga, alitunga misa iliyoingiza midundo ya kwetu kanisani, ikaimbwa na watoto wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kupendwa hadi Ulaya. Mwaka 1960 mkono huohuo ulitunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mpendwa nchini Rwanda. Mahakama ya Arusha, ya kesi za mauaji ya kimbari, ilimhukumu miaka 15 jela mwezi Desemba 2008. Hakutiwa hatiani kwa nyimbo zenyewe bali kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti juu ya gari barabarani mwaka 1994, akiwahimiza watu waue. Lakini majaji hawakukosa kueleza jinsi nyimbo zake zilivyotumika kuchochea chuki. Watu walimsikiliza barabarani kwa sababu walikuwa wamempenda redioni.

Kwetu hapa neno moja lilifanya kazi kubwa ya ubaya miaka ile ya 1991 hadi 1993: watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Ukishamwita jirani yako mdudu, kumfukuza kunaonekana kama kufagia nyumba. Kwa hiyo, kila wimbo wenu mpya upitie kwa wasikilizaji watatu wasio wa kundi, kila mmoja wa jamii tofauti, kabla haujarekodiwa. Waulizeni: kuna mstari unaokuchoma? Kuna jina la mnyama? Kuna neno "wageni", "wenye nchi", "wale"? Mstari ukimchoma mmoja, ubadilishwe. Wala msibishane naye kuhusu mlichokusudia, kwa sababu yeye ndiye atakayeusikia kwenye kila simu mtaani.

Wimbo ukishatoka kwenye kadi ya simu moja kwenda nyingine haurudi tena.

6. Utani ruksa, kama mnataniana wote

Msidhani sanaa ya amani lazima iwe ya huzuni na mikono kifuani. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha utafiti wake juu ya Kalela, ngoma iliyochezwa siku za Jumapili na vijana wa migodini Luanshya, upande wa pili wa mpaka. Wachezaji walikuwa Wabisa, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na nyimbo zao ziliwatania makabila mengine ya mjini. Watu wa makabila hayo walikuwa wamesimama hapohapo wakitazama, wakicheka. Utani uliwafundisha watu waliotoka mbali namna ya kukaa pamoja mjini.

Sharti lake ni kwamba utani uende na kurudi. Wa kabila hili akimtania wa kabila lile kwa ulafi wa samaki, naye apewe ubeti wa kujibu, tena ubeti mrefu. Anayetaniwa awepo, awe na sauti, na awe wa kwanza kucheka. Pasipo hayo matatu, acheni.

7. Chezeni mchezo usioandikwa

Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa ukumbi wa michezo wa Kiswahili. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha na kufundisha nchi nzima ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha mtaani, bila kushika karatasi. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alifuatana nao walipotengeneza mchezo kuhusu madaraka. Walianza na msemo mmoja tu. Wakakaa, wakaujadili, kila mtu akaeleza alivyouelewa, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabishana, wakarudia, na mwisho wakauchezea kijijini nje ya Lubumbashi. Njia hiyo inafaa Kapolowe kabisa, kwa sababu asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwenye diploma.

Chukueni ugomvi mmoja kutoka kwenye daftari lenu. Tuseme hivi: kijana amenunua samaki kwa mkopo kwa mvuvi, amewapeleka Likasi, gari limeharibika njiani, samaki wameoza, na sasa mvuvi anataka fedha yake leo. Wote wawili wana haki na wote wawili wana njaa. Chezeni hadi pale wanaposhikana mashati. Hapo simamisheni. Mwendeshaji awageukie watazamaji: nani aje achukue nafasi ya mmoja wao, atuonyeshe angefanya nini? Mama mmoja atanyanyuka, atafunga kitenge vizuri, ataingia na kujaribu. Itashindikana, watu watapiga kelele, na mwingine atainuka. Mbrazili Augusto Boal aliueneza mtindo huu tangu miaka ya 1970, na hapa Kongo shirika la Search for Common Ground limeutumia sana katika maeneo yenye migogoro.

Mambo mawili msiyasahau. Kwanza, msicheze kisa cha kweli cha watu wanaojulikana mtaani. Badilisheni kazi, jinsia, mahali, hadi mwenyewe asiweze kunyooshewa kidole. Pili, mbadilishane nafasi. Aliye mvuvi kweli acheze mnunuzi. Aliyetoka familia ya Kasai acheze mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji, na aliyetoka familia ya hapa acheze mpangaji mwenye godoro kichwani. Nafasi hizo zichezwe mazoezini kwanza, taratibu, na mkubwa mmoja mwenye busara awepo, kwa sababu machozi hutoka pasipo mtu kutarajia.

8. Kalamu, rangi na kuta

Wako vijana ambao hawataki kuimba. Wapeni rangi.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Kolwezi ambaye baadaye alihamia Likasi, alichora kwenye magunia ya unga. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimsimulia Fabian historia nzima ya nchi hii kwa Kiswahili, picha baada ya picha, zikazidi mia moja: mfalme wa Wabelgiji, mijeledi, Lumumba, vita vya Katanga. Picha za wachoraji kama yeye zilitundikwa sebuleni kwa wafanyakazi wa migodi, na wenyewe waliziita ukumbusho. Mgeni akikaa, akinyanyua macho, mazungumzo yanaanza. Watu walizungumza mbele ya picha mambo ambayo mitaani wasingethubutu.

Fanyeni hivyo. Kila kijana achore picha moja ya jinsi familia yake ilivyofika Kapolowe: kwa treni, kwa mtumbwi, kwa miguu, kwa kuzaliwa hapahapa tangu babu wa babu. Zitundikeni kwenye kamba moja uwanjani siku ya soko, na mchoraji asimame kando ya picha yake aieleze. Nasema hili kwa uhakika wote: hakuna somo la historia litakalowafaa zaidi.

Kuhusu kuta, ombeni ruhusa ya mwenye ukuta. Kibera, Nairobi, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, mchoraji anayejulikana kama Solo 7 alizunguka na brashi akiandika maneno ya amani kwenye mabati, milango na barabara, vibanda vingine vikiwa bado vinafuka moshi. Herufi zake zilikuwa nyeupe, kubwa, za kawaida kabisa. Hakungoja tamasha.

9. Fedha iwe wazi, siasa ikae mbali

Kundi likipata dola hamsini za harusi linaweza kufa jioni hiyohiyo. Wekeni daftari la fedha linaloshikwa na mtu mmoja, sanduku linaloshikwa na mwingine, na ufunguo unaoshikwa na mtu wa tatu. Kila senti isomwe mbele ya wote siku ya mazoezi. Sehemu iende kwenye likelemba ya wanachama, kwa zamu, ili mwenye shida asilazimike kuiba nyuzi za gitaa.

Wanasiasa watakuja, na watakuja na fulana, kofia, kreti za bia na spika mpya. Wanamuziki wa nchi hii wamezoea kulipwa ili wataje majina ya watu katika nyimbo, na mabanga hayo yamewalisha wengi. Kundi la amani haliwezi kula hapo. Siku mtakapomwimba mgombea mmoja, nusu ya mji itawahesabu kuwa adui, na kazi ya miaka miwili itakuwa imekwisha kwa spika mbili. Mtu akitaka kusaidia, asaidie nje ya msimu wa kampeni, atoe mbele ya watu, na jina lake lisiandikwe kwenye ngoma.

10. Nendeni waliko watu, hasa kwenye kilio

Watu wa Goma walianza Tamasha la Amani mwezi Februari 2014, kwenye uwanja wa Collège Mwanga, baada ya vita kulazimisha liahirishwe mwaka uliotangulia. Lilikuja kukusanya makumi ya maelfu ya watu kwa siku tatu. Linastahili sifa. Lakini ukiuliza vijana wa Goma walijifunzia wapi kucheza, kupiga picha za filamu na kurap, wengi watakutajia vituo vinavyofungua mlango mwaka mzima, kama Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo. Kapolowe haihitaji jukwaa la dola elfu kumi. Inahitaji mlango ulio wazi Jumatano na Jumamosi.

Na jukwaa mnalo tayari. Mtu akifa, watu wote wanakuja kwenye kilio: wa kabila hili na lile, wa kanisa hili na lile, wanakaa usiku kucha. Kundi likifika bila kualikwa, bila kudai malipo, likaimba hadi alfajiri kwa ajili ya msiba wa familia ambayo si ya upande wao, litazungumziwa kwa miaka. Lakini kuna miji yetu ambako mazishi ya kijana hugeuka vurugu, mawe na kudai nani amemroga. Hapo wapiga ngoma wenu wakae karibu na vijana wenye hasira, si karibu na jeneza. Pigo la taratibu, wimbo wanaoujua wote, na vijana wawili wa kundi wanaojuana na kila upande. Mkiona mapanga, hiyo si kazi ya muziki tena. Ondokeni, mwiteni chifu na wakubwa wa mji.

Siku ya fujo ikija, kundi lenu litakuwa na faida moja ambayo haionekani jukwaani. Mna namba za simu za watu wa kila mtaa. Mtajua uvumi unatoka wapi, nani amejificha kwa nani, barabara gani si salama. Pangeni mapema nani anampigia nani, na nyumba gani zinaweza kupokea mwanachama atakayelazimika kuhama usiku. Mwaka 1992 wako majirani waliowaficha majirani zao. Huenda wengi wa hao walikuwa wanajuana vizuri kwa jambo fulani: kazi, kanisa, mpira, muziki.

Kama unasoma haya ukiwa Likasi au Lubumbashi na una gitaa lililokaa juu ya kabati, kopo la rangi lililobaki baada ya kupaka nyumba, au ujuzi wa vidole viwili vya Mwenda, Kapolowe haiko mbali. Nenda Jumamosi moja, ufundishe, urudi tena Jumamosi inayofuata. Na wewe kijana wa Kapolowe, tafuta wenzako sita, wawili kati yao wawe wa upande ambao nyumbani kwenu hausemwi vizuri. Kubalianeni siku, saa na mwembe.